Enghien-les-Bains: ziwa la asili au bwawa la kinu? Nisahihishieni bango la darasa

Barani_Jografia (Malindi):

Assalaam aleikum wanajukwaa. Natayarisha bango la manila kwa wanafunzi wa kidato cha pili, mada ni miji midogo iliyokua kando ya maji. Upande wa kwetu nimeweka Lamu na Malindi. Upande wa Ulaya nimechagua Enghien-les-Bains, mji wa ziwani ulio kiungani mwa Paris. Rasimu yenyewe hii hapa:

"Enghien-les-Bains ni mji wa kale kando ya ziwa la asili, kaskazini mwa Paris. Ulianzishwa na watawala wa Enghien. Maji yake ni ya moto kwa sababu ya volkano na yananuka kiberiti. Mwanafalsafa Rousseau aliishi hapo. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kama Lamu. Una kasino iliyo peke yake karibu na Paris."

Moyo hautulii. Kila ramani ninayoifungua inaonyesha mji mdogo mno, na volkano siioni popote. Mwenye kuijua sehemu hiyo anipigie mstari panapokosewa, na aniambie sababu, maana wanafunzi hawakubali "ndivyo ilivyo". Pia nataka kujua nichore kwa skeli gani ili mji na ziwa vyote vienee kwenye manila moja.

---

Mkomani:

Waaleikum salaam mwalimu. Sentensi sita, na iliyosimama ni ya mwisho tu. Ya kwanza imebaki na "kaskazini mwa Paris". Tuzipitie.

"Mji wa kale" si kweli. Enghien-les-Bains ilipata kuwa komuni mwaka 1850, kwa kumegewa vipande vya majirani wakiwemo Deuil, Saint-Gratien na Soisy. Kabla ya hapo hapakuwa na mji wenye jina hilo. Kulikuwa na ziwa, kinu, chemchemi na nyumba za wageni wa kuoga. Lamu ilikwisha kuwa na misikiti na mitaa kwa karne nyingi. Kwa hiyo ukiiweka Enghien karibu na Lamu kwenye bango, usizipatanishe kwa umri. Zipatanishe kwa maji.

"Ulianzishwa na watawala wa Enghien." Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu Enghien ya asili iko Ubelgiji, katika jimbo la Hainaut. Mlolongo wake ni huu. Ardhi ya bonde lile ilikuwa ya ukoo wa Montmorency, na mwaka 1551 ikafanywa udachi, yaani milki ya duki, mkabaila wa cheo cha juu. Mwaka 1632 Henri wa Pili wa Montmorency alikatwa kichwa kule Toulouse kwa kumwasi mfalme, na mali ikahamia kwa dada yake, Charlotte-Marguerite, aliyeolewa katika ukoo wa Condé. Hao Condé walikuwa na cheo cha duki wa Enghien, lakini Enghien yenyewe ya Ubelgiji ilikwisha kuuzwa kwa ukoo wa Arenberg mwanzoni mwa karne hiyo ya 17. Wakabaki na jina lisilo na ardhi. Mwaka 1689 mfalme Louis wa 14 akawakubalia udachi wa Montmorency uitwe Enghien. Watu wa mji wa Montmorency hawakulishika jina jipya na mpaka leo mji wao ni Montmorency. Jina likateremka mlimani, likang'ang'ania ziwa na chemchemi zilizokuwa chini yake.

Wanafunzi wakikuuliza juu ya yule duki wa Enghien aliyepigwa risasi Vincennes mwezi Machi 1804 kwa amri ya Napoléon, waambie ni wa ukoo huohuo wa Condé, ila hakuuawa hapa, na mji huu ulikuwa haujazaliwa.

Rousseau aliishi Montmorency, juu ya kilima, kuanzia 1756 hadi 1762. Mfute. Ukitaka mtu wa Enghien hasa, mweke Mistinguett, mwimbaji na mchezaji wa majumba ya burudani, aliyezaliwa hapo miaka ya 1870.

Kuhusu UNESCO, Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Enghien-les-Bains haimo humo. Iliingia mwaka 2013 kwenye Mtandao wa Miji Bunifu, kwa upande wa sanaa za kidijitali. Hiyo ni milango miwili ya nyumba moja: mmoja unahusu kuhifadhi majengo na mpangilio wa mji, mwingine unahusu kazi za ubunifu zinazofanyika sasa. Ukiichanganya kwenye bango la shule ya pwani, mzazi wa Lamu atakuja kukushika kanzu.

Ziwa na harufu namwachia mwenyewe wa mikoko, najua yuko macho.

---

Mikoko_Mida:

Niko macho. Mwalimu, volkano ifute leo hii kabla wino haujakauka. Sehemu ile ni bonde la mashapo, tabaka juu ya tabaka. Na maji yake si ya moto. Ni baridi kama maji ya kisima, kwa kuwa yanatoka kina kifupi. Anayeoga maji ya uvuguvugu pale anaoga maji yaliyopashwa kwenye boila.

Ziwa kwanza. Pale palikuwa na kinamasi chini ya kilima cha Montmorency, kikinyweshwa na vijito. Watu wakajenga tuta kuzuia maji, wakaweka kinu cha kusagia kwenye tuta hilo, na nyuma yake maji yakajaa. Karatasi za zamani haziliiti "ziwa" kabisa. Zinaliita kidimbwi cha Saint-Gratien au cha Montmorency. Neno "ziwa" lilikuja na wageni, wakati kidimbwi kilipoanza kuuza vyumba. Kwa hiyo kwenye bango andika: "ziwa lililotengenezwa kwa tuta, juu ya kinamasi cha asili". Hapo hutakosea upande wowote.

Kwa kuwa ni bwawa, lina matatizo ya bwawa. Maji ya mvua ya bonde zima yenye mapaa na lami huteremkia humo, kwa hiyo linatumika pia kupunguza kishindo cha mafuriko kwa walio chini yake, kabla maji hayajaendelea kusini kwenye mto Seine. Lakini maji hayo hubeba tope. Ziwa lenye kina cha mita chache tu likiachwa bila kuzolewa tope linarudi kuwa kinamasi, kwa sababu ndicho lilichokuwa. Mfano wa Malindi unao mlangoni: tazama bahari inavyokuwa nyekundu Sabaki ukifurika. Bahari ina mawimbi ya kulitawanya tope lile. Bwawa halina.

Sasa harufu. Mwaka 1766 padri Louis Cotte wa Montmorency, mtu wa kupima hali ya hewa na mambo ya asili, alikifuata kijito kilichotoka chini ya tuta la kinu. Wenyeji walikwisha kukiita "kijito kinachonuka". Akatambua kuwa ni maji ya salfa (kiberiti) na akawapelekea habari wanasayansi wa Paris. Mwaka 1788 mkemia Fourcroy na wenzake wakatoa uchunguzi wa kina wa maji hayo. Miaka ya 1820 ndipo hamamu kubwa ya kutibia watu ilipojengwa.

Harufu hiyo watu wa Mida na Lamu wanaijua. Ni ileile ya tope la mikoko ukikanyaga maji yakiwa yametoka: yai bovu. Na inapikwa kwa njia ileile. Vinahitajika vitu vitatu: salfeti (chumvi yenye salfa na oksijeni), mabaki ya mimea yaliyooza, na mahali pasipo na hewa. Bakteria walioko humo hawana oksijeni ya kupumua, basi wanainyang'anya salfeti oksijeni yake. Kinachobaki ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo inayonuka.

Tofauti ni salfeti inakotoka. Kwetu inatoka baharini, maana lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti. Enghien iko mbali na bahari, lakini vilima vinavyolizunguka bonde vina tabaka nene za jasi, jiwe laini lenye salfeti. Mvua hupenya mchanga wa juu ya kilima, hufika kwenye jasi na kuiyeyusha. Lita moja ya maji safi huyeyusha kama gramu 2.4 za jasi. Maji hayo yaliyobeba salfeti huteremka mpaka kwenye tope jeusi la kinamasi cha zamani, lililojaa mabaki ya mimea, na bakteria wanamalizia kazi. Kilima kikikosekana hakuna salfeti, na kinamasi kikikosekana hakuna wa kuibadilisha. Kwa sababu hiyo chemchemi iko pale chini ya tuta, haiko juu Montmorency.

Angalia neno. Jasi si chokaa. Chokaa yetu ya kupakia nyumba na kuchongea zidaka hutokana na matumbawe yaliyochomwa mpaka karibu digrii 900. Jasi hupashwa kama digrii 150 tu, hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake na kuwa ule unga unaoitwa plasta ya Paris, ule wanaofungia mguu uliovunjika. Neno "Paris" katika jina hilo limetokana na jasi za vilima hivihivi, na Cormeilles-en-Parisis, si mbali na Enghien, kuna chimbo kubwa la jasi la wazi. Jasi hiyohiyo inayoyeyuka huacha mapango chini ya ardhi, na mahali pengine ardhi hutitia. Mwenye kujenga sehemu zile lazima ajue anakanyaga nini.

Jambo moja la hatari, lisikose kwenye bango. Pua haiaminiki kwa gesi hii. Ikiwa kidogo inanuka sana. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa, mtu anadhani imekwisha, kumbe ndiyo inammaliza. Kisima au shimo lililonuka yai bovu kisha harufu ikatoweka ghafla, haliingiwi.

---

Barani_Jografia (Malindi):

Ahsanteni sana, volkano nimeifuta. Ndugu Mikoko, kuna namna ya kuwaonyesha hayo ya jasi na tope darasani bila kununua kemikali? Na Mkomani, umetumia "komuni". Wanafunzi watasema ni ya wakomunisti. Nisiandike "manispaa" tu?

---

Mikoko_Mida:

Ipo, na inataka subira tu. Tafuta chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, za lita moja. Tope lisitoke kwenye mikoko, maana hilo lina salfeti ya bahari tayari na chupa zote mbili zitakuwa sawa. Chukua tope la bwawa au kidimbwi cha maji baridi. Jaza theluthi ya kila chupa, ongeza konzi moja ya gazeti lililochanwachanwa, hicho ndicho chakula cha bakteria. Kwenye chupa moja tu tia kijiti kimoja cha chaki kilichosagwa. Koroga, kisha ongeza maji ya bwawa hilohilo, uache vidole vitatu juu. Funika bila kukaza, gesi ipate pa kutokea. Weka kivulini penye mwanga, usiguse. Baada ya wiki mbili hadi nne tope la chupa yenye chaki litakuwa jeusi zaidi ya lile la pili. Weusi huo ni salfaidi iliyoshikana na chuma cha kwenye tope.

Yanayoharibu jaribio ni mawili. Kwanza chaki yenyewe: nyingine ni jasi, nyingine ni aina ya chokaa. Dondoshea ndimu. Ikitoa povu ni chokaa, itupe. Isipotoa povu ni jasi. Pili, maji ya mfereji yana klorini inayoua bakteria, kwa hiyo kama huna maji ya bwawa, yaache ndoo wazi mchana na usiku mzima kwanza. Ukifungua, fungulia nje, na asiwepo wa kuingiza pua chupani. Pete ya fedha ukiining'iniza juu ya mdomo wa chupa itaingia weusi, lakini isiwe ya mama wa mtu.

---

Bint_Langoni:

Naingilia kwenye komuni na kasino, maana ndiyo sehemu inayopotoshwa zaidi.

Mwalimu, usiandike "manispaa". Kwetu manispaa ni mji uliofikia ukubwa fulani. Ufaransa kila pahali ni komuni, hata kijiji cha watu 80 kina meya wake na baraza lake. Andika "komuni" na mabano ya maneno matatu: "eneo lenye meya". Juu yake kuna departementi, nayo Enghien iko Val-d'Oise. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Seine-et-Oise hakijakosea. Departementi hiyo ilivunjwa kwa sheria ya 1964, na Val-d'Oise ikaanza kazi rasmi mwanzoni mwa 1968.

Kasino sasa. Sentensi yako ni sahihi ila haina sababu, na sababu ni ya kisheria, haihusiani na utajiri wa watu wa ziwani. Sheria ya 1907 iliruhusu kasino katika miji ya mapumziko tu: ya bahari, ya maji ya tiba, na ya hewa nzuri. Enghien ilikuwa na maji ya tiba, na jengo la kasino lilikwisha kusimama ziwani tangu 1901. Mwaka 1920 serikali ikapiga marufuku michezo hiyo ndani ya kilomita 100 kutoka Paris, wakihofia mishahara ya wafanyakazi wa jiji. Mwaka 1931 marufuku ikalegezwa, na aliyekuwa na sifa za kunufaika pale karibu alikuwa Enghien. Maana yake ni kwamba kijito kinachonuka ndicho kilichozaa kasino. Bila salfa hakuna hadhi ya mji wa tiba, na bila hadhi hiyo sheria haikufungulii mlango. Mwaka 2018 vilabu vya kamari viliruhusiwa ndani ya Paris kwa majaribio, lakini hivyo si kasino kisheria na havikuruhusiwa mashine za kamari za sarafu.

Mimi binafsi nisingeifanya kasino kichwa cha habari kwa watoto wa kidato cha pili. Iweke kama mfano wa namna sheria inavyobadilisha sura ya mji.

Kitu ambacho hamkukitaja na ndicho kilichoujenga mji ni reli. Mwaka 1846 ilipofunguliwa reli ya Paris kwenda Lille, haikupita njia fupi ya leo. Ilizungukia Saint-Denis, Enghien na Pontoise. Njia fupi ya kupitia Chantilly ilikuja 1859. Kwa hiyo miaka minne kabla ya komuni kuzaliwa, mtu wa Paris aliweza kuja kuoga asubuhi na kurudi jioni. Baada ya hapo mashamba ya kando ya ziwa yakawa viwanja vya nyumba. Mwaka 1866 kikaongezwa kijireli cha kupanda Montmorency, kikali cha mteremko, ambacho injini ilikuwa ikisukuma mabehewa kutoka nyuma. Kilifungwa 1954. Leo treni ya laini H kutoka Gare du Nord inafika Enghien kwa robo saa hivi.

---

Mkomani:

Dada Langoni kasema kweli kwenye reli. Naongeza moja tu la ramani. Uwanja wa mbio za farasi unaoitwa wa Enghien, uliofunguliwa 1879, uko Soisy-sous-Montmorency. Jina la mji limevuka mpaka, mpaka haukuvuka. Mwanafunzi akiupima ndani ya Enghien, eneo lake litamshinda.

Na usiandike "kitongoji". Mwanafunzi wa hapa akisikia kitongoji anaona vibanda vya pembezoni mwa kijiji. Andika "mji wa kiungani".

---

Barani_Jografia (Malindi):

Nimekubali "kiungani", na "komuni" pia, shingo upande. Imebaki skeli. Manila yangu ni kama sentimita 60 kwa 85.

---

Bint_Langoni:

Komuni nzima ni kilomita za mraba 1.77, yaani hekta 177. Ziwa ni takriban hekta 40, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mji ni maji. Wakazi ni kati ya elfu 11 na elfu 12. Wape wanafunzi hesabu hii: ukiondoa ziwa, watu hao wako kwenye hekta kama 137 tu, yaani zaidi ya watu 8,000 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Wakigawanya bila kuondoa ziwa watapata idadi ndogo na wataukosa msongamano wenyewe.

Kwa daftari tumia 1:10,000. Sentimita moja ya mraba ni hekta moja kamili, kwa hiyo ziwa ni miraba 40 na mji ni miraba 177. Hapo hata asiyependa hesabu anahesabu visanduku. Kwa manila tumia 1:2,500: sentimita 1 ni mita 25, na hekta moja ni kisanduku cha sentimita 4 kwa 4. Mji wote utachukua sentimita za mraba 2,800 na kitu, na manila yako ina 5,100, kwa hiyo ufunguo na kichwa vitapata nafasi.

Usianze na mpaka wa komuni, umejaa kona utapoteza asubuhi nzima. Anza na reli: mstari kutoka kusini-mashariki, upande wa Saint-Denis, kwenda kaskazini-magharibi, upande wa Ermont. Ziwa liweke kusini-magharibi mwa reli, na kituo cha treni kwenye reli yenyewe. Kasino na hamamu zikae ukingo wa mashariki wa ziwa, upande wa mji. Kisha zungushia majirani: Montmorency kaskazini-mashariki na juu kilimani, Soisy kaskazini, Deuil mashariki, Épinay kusini, Saint-Gratien magharibi. Mpaka chora mwisho, kwa penseli kwanza.

Rangi ya kilima iwe tofauti na ya bonde, na mshale wa bluu utoke kilimani upite chini ya ardhi mpaka kwenye tuta. Bila mshale huo maelezo yote ya Mikoko hayaonekani kwenye karatasi.

---

Mikoko_Mida:

Na pembeni ya mshale andika "jasi". Herufi kubwa.